Vizimba Viwili

Kihonda, Morogoro
14 Januari 2024

Mdogo wangu Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hujaniamkia, lakini nakuitikia hivyohivyo: marahaba. Mimi ndiye mkubwa, na mkubwa hachoki kuitikia. Habari za huko Nyandira? Njegere zimekubali? Mpwa wetu Dominiko na ukoo wote hawajambo? Jesca anayetuletea mboga ameniambia kwamba mbuzi wa jirani yetu Bonifasi ameingia tena kwenye viazi. Mpe pole Bonifasi, maana najua ulivyomsema.

Sisi huku ni wazima. Mwanangu Richard yuko kazini kama kawaida, mkewe Doreen anafundisha sekondari, na mjukuu wangu Grace ameingia darasa la tano. Mfupa wa mguu umeunga, natembea na fimbo. Sikosi kitu. Nyama nakula mara tatu kwa wiki, nina godoro nene, na televisheni wananiwashia asubuhi kabla hawajatoka. Nikishika ufagio Doreen ananiambia, mama pumzika. Nikitaka kuchambua mchicha, mama pumzika. Nimepumzika mpaka mikono inauma.

Geti linafungwa kwa nje. Si kwa ubaya. Mwezi wa kumi na moja nilitoka kidogo kwenda Mwembesongo kuwatafuta wanawake wa kwetu wanaouza mboga, mguu ukanigomea njiani, nikarudishwa kwa bodaboda. Tangu siku hiyo Richard hufunga na kuondoka na ufunguo. Ananiambia akinipoteza hatakuwa na uso wa kupandia Mgeta. Kwa hiyo barua hii naipitisha chini ya geti, Jesca ataiokota akipita na tenga lake. Simu sitaki. Simu ya Richard huongea kwa sauti ya juu pale sebuleni, na neno la watu wawili linakuwa la nyumba nzima.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Grace ana hamsta wawili. Usicheke. Ni vijipanya vya kufuga, vinene, vya rangi ya maandazi, mkia ni kama hawana. Jirani alihama akamwachia mtoto. Kila mmoja ana kizimba chake cha waya, maranda chini, na gurudumu dogo la kukimbilia. Mchana wote ni mimi na wao. Wanapenda alizeti, na ya dukani hapa imekaangwa na chumvi. Nitumie kibaba kimoja cha ile ya uani kwetu.

Ni hilo tu. Wasalimie wote wa jumuiya.

Dada yako,
Cecilia


Nyandira, Mgeta
2 Februari 2024

Dada Cecilia,

Milele amina. Shikamoo, ingawa umeshaitikia kabla sijakuamkia. Huku hatujambo. Njegere zimetoa maua, karoti za bondeni zimeoza kidogo kwa maji, na mbuzi wa Bonifasi nimemfunga kwangu siku mbili mpaka mwenyewe alipokuja kuomba radhi. Wanajumuiya wanakuulizia. Nawaambia yuko mjini anakula nyama.

Alizeti nimempa Jesca vibaba viwili. Lakini dada, huku panya nawategea. Wamekula mbegu za viazi chini ya kitanda chako mwenyewe, na wewe unaniagiza chakula cha kuwalisha wenzao. Nilipomsimulia Dominiko alicheka mpaka akashika ukuta.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta jambo moja, sijaliona. Basi nitalisema mimi. Agosti ulipoteleza mlangoni pa jiko ukavunjika mguu, uliwekwa kwenye machela, uani watu wamejaa, ukasema: "Yuliana amenimwagia maji mlangoni nianguke." Nilikuwa nimesimama hapohapo nimeshika khanga yako. Sikumwaga maji. Nilisema siku ile na nasema leo. Miezi mitano sasa nikifika bombani wanawake wanainua ndoo zao kunipisha, kwa adabu sana, kama anavyopishwa mtu asiyeaminika. Kanisani benchi langu lina nafasi nyingi.

Wewe umefungiwa geti. Mimi sina geti, lakini niende wapi? Nyumba ya mama haiachwi tupu. Nalala humu peke yangu, jambo ambalo Dominiko alilikataa alipotuweka pamoja tulipofiwa na waume zetu, nyumba moja na jiko moja, ili mjane wa ukoo asilale bila mtu.

Sisemi urudi. Nauliza tu hao panya wako wanakaaje wawili bila kugombana, maana sisi jiko moja lilitushinda.

Mdogo wako,
Yuliana


Kihonda
20 Februari 2024

Mdogo wangu Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Alizeti imefika, ahsante sana. Nilikula nyingine mwenyewe, ina ladha ya nyumbani. Richard na Doreen wanakusalimu. Joto la huku sasa linachemsha maji ndani ya mtungi, na milima naiona juu ya ukuta wa jirani, ina mawingu tangu asubuhi. Huwa nakaa upande huo wa uani ambako naiona vizuri.

Umeuliza hamsta wanakaaje. Hawakai pamoja. Jirani aliacha karatasi ya maelekezo na Grace amenisomea: kila mmoja kizimba chake, wakikutana watu wazima wawili watapigana mpaka mmoja afe, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Nilimwambia mtoto karatasi hiyo imekosea. Mungu hakuumba kitu kinachopenda kulala peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu ni watu. Akanijibu, "Bibi, hawa si watu."

Sasa tumepata msiba mdogo hapa nyumbani. Wiki iliyopita milango ya vizimba ilikutwa wazi, wakakutana, na yule mdogo akachanwa tumbo. Amekufa siku ya pili. Grace ndiye aliyewapa maji asubuhi kabla ya shule, basi anasema yeye ndiye aliyesahau kufunga komeo. Analia, hataki kula. Mama yake amembembeleza, akamwambia iwe fundisho, siku nyingine awe mwangalifu. Mimi nimemwambia Mungu anajua.

Amezikwa chini ya mpapai. Mguu unaendelea vizuri.

Dada yako,
Cecilia


Nyandira
3 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima, mvua imeanza mapema, nina haraka kwa sababu gari la Jesca linapakia.

Umeandika kwamba milango "ilikutwa wazi". Nakujua. Chungu cha mama cha kupikia makande nacho kilikutwa kimevunjika, na fimbo nikala mimi. Mtoto aliondoka asubuhi. Geti lilifungwa kwa nje. Ndani ya ua ule alikuwepo mtu mmoja tu mwenye mikono.

Nani aliifungua?

Yuliana


Nyandira
12 Mei 2024

Dada Cecilia,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Barabara ilikatika wiki ya Pasaka, daraja la mbao likaenda na maji, na njegere zikatuozea ndani ya magunia. Magari yameanza kupanda juzi. Bonifasi ameugua kifua, sasa ni nafuu. Mtoto wa Dominiko, Faraja, amepata kipaimara. Tulipika pilau, watu walikula, na waliokaa karibu yangu ni watoto tu.

Nimengoja jibu lako tangu Machi. Mwanzoni nilisema ni barabara. Lakini Jesca alikwama huko mjini kwa dada yake Mwembesongo mwezi mzima, na anasema alipita getini kwenu kila Jumatano. Anasema aliita, akaona miguu yako chini ya geti na ncha ya fimbo, umesimama kimya, hujibu. Aliogopa akadhani umepooza ulimi. Nikamwambia hapana, huyo ndivyo alivyo akiulizwa swali.

Umekasirika? Kasirika, lakini andika. Hata matusi nitayasoma.

Huku nimejenga kijumba kidogo nyuma ya mgomba, cha matofali, mabati nimebandua kwenye banda la zamani. Ni stoo ya kuni. Mlango wake unatazama upande wa bondeni, kwa hiyo mtu akiwa mle haoni jiko langu na mimi simwoni. Jesca ameniuliza kwa nini stoo ya kuni ina mafiga na mahali pa kuweka kitanda. Nimemwambia auze karoti zake.

Mdogo wako,
Yuliana


Kihonda
9 Juni 2024

Mdogo wangu Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mpe Faraja hongera ya kipaimara, na Bonifasi pole ya kifua. Sijapooza. Nilikuwa nasimama nyuma ya geti nikimsikia Jesca akiniita, barua yako nimeiweka ndani ya blauzi, na sina la kumpa.

Niliifungua mimi.

Ilikuwa saa sita mchana. Televisheni inapiga kelele yake. Nikawatazama wale wanyama, kila mmoja amejikunja kwenye kona yake, waya hapa na waya pale, nikawaonea huruma. Nikajisemea, mtoto huyu hajui, amesoma karatasi tu. Nikamchukua yule mdogo kiganjani nikamwingiza kwa mwenzake. Walinusana. Nikadhani wanasalimiana, nikaona raha moyoni, nikaenda kujinyoosha. Niliposikia kelele nikaja na mwiko kuwaamua, mkubwa akaniuma kidole mpaka damu. Nilimrudisha mdogo kwenye kizimba chake akiwa amechanika. Kisha, Yuliana, niliacha milango yote miwili wazi kwa makusudi, ili ionekane ni bahati mbaya. Doreen alipouliza kidole nikasema ni kisu.

Mtoto amebeba kosa langu karibu miezi minne. Kila asubuhi alikuwa akikagua komeo la yule aliyebaki mara tatu, anarudi, anakagua tena, mpaka gari la shule linamwacha. Kwenye kile kizimba kitupu alibandika karatasi ameandika "Nisamehe". Nilikuwa napita mbele ya karatasi ile nikienda kunywa chai. Mimi mwanamke niliyefundishwa na masista kuungama.

Jumapili iliyopita nilisema mezani. Sikuanza na Mungu anajua. Nilisema tu nilichofanya. Doreen aliinamia sahani. Richard akaanza kusema, "Mama, ni panya tu, usijisumbue," na Grace akamtazama baba yake kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto. Akainuka. Siku mbili hakunisalimia, na sikumlaumu. Siku ya tatu alikuja akaketi karibu na miguu yangu, akaniuliza kwa nini niliwaweka pamoja. Nikamwambia nilidhani wanaumwa upweke. Akafikiri sana, halafu jioni baba yake aliporudi, bado ana mfuko wa ofisini mkononi, akamwambia: "Baba, huyu aliyebaki amefungiwa lakini ana gurudumu la kukimbilia. Bibi yeye ana nini?"

Richard aliweka mfuko chini. Alikula kidogo akaenda kulala mapema. Kesho yake alinipa ufunguo wa geti, ameuchongesha mwingine, akaniambia nimsamehe, aliogopa tu. Namwamini. Kunipenda ananipenda, na kunifungia alinifungia, vyote viwili.

Basi nina ufunguo. Siku ya kwanza nilifungua, nikatoka, nikasimama barabarani. Bodaboda wakaniuliza, bibi wapi? Kihonda sijui mtu. Pa kwenda ni huko kwako, na njia ya huko niliiziba mwenyewe. Nilirudi ndani nikafunga kwa mkono wangu, na nakuambia, kufunga kwangu kuliniuma kuliko kufunga kwa Richard.

Kwa sababu maji nilimwaga mimi. Ulikuwa umekwenda kukata majani ya mbuzi. Niliosha viazi, nikaona uvivu kufika kwenye mfereji, nikamwaga pale pale mlangoni, mimi niliyekugombeza miaka yote kwa kumwaga maji mlangoni. Nilipoanguka na watu wakaja mbio, niliona aibu kuliko maumivu. Jina lako likatoka mdomoni kabla sijalizuia, na baada ya hapo lilikuwa limeshasikika na watu, nikaliacha litembee. Si kwamba nilisahau. Nimelijua kila siku ya Mungu.

Ulikuwa ukiniudhi, Yuliana. Unapika na chumvi nyingi, unaimba asubuhi, unahamisha vitu vyangu. Vikombe vya kabati moja haviachi kugongana. Lakini hilo si kosa la kumchafulia mtu jina.

Sikuombi chochote.

Dada yako,
Cecilia


Nyandira
30 Juni 2024

Dada Cecilia,

Shikamoo. Habari za nyumbani ni nzuri, sitaziandika.

Barua yako niliisomea shambani, juu kule kwenye maharage, kwa sababu sikutaka mtu anione. Nimelia, na nililia kwa hasira, usije ukadhani ni kwa huruma. Karibu mwaka mzima. Ulijua karibu mwaka mzima. Kuna wakati, dada, mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama kweli sikumwaga. Nilikuwa nasimama mlangoni pa jiko na beseni tupu, nakumbuka siku ile saa kwa saa, nikijitafutia kosa. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Bombani nilizoea. Hilo la kunifanya nisijiamini sikulizoea.

Umeandika kwamba huniombi chochote. Huko nako ni kukwepa. Mimi nitakuomba.

Neno lililosemwa mbele za watu hurudishwa mbele za watu. Ndivyo mama alivyotulea, na ndivyo lukolo letu, ukoo wetu wote, ulivyofanya tangu zamani. Barua yako siwezi kuwasomea. Nikiwasomea watasema nimeiandika mwenyewe, maana mwandiko wetu ni mmoja, tumefundishwa na sista mmoja. Dominiko amejitolea kwenda kusema nyumba kwa nyumba kwa niaba yako, nimekataa. Hakuanguka yeye.

Ukitaka kupanda huku, panda Jumapili. Baada ya misa watu hukaa kusikiliza matangazo. Simama useme. Usiseme ni mguu ulikuchanganya, wala shetani, wala umri. Ukimaliza, stoo ya kuni imeezekwa, ina kitanda, ina mlango wake, na kutoka kwangu mpaka kwako ni hatua thelathini na mbili. Nimezipima. Kila mtu atapika chake. Dominiko alikuwa na nia njema alipotuweka jiko moja, lakini yeye hajawahi kukaa na wewe.

Ukishindwa kusema, basi baki huko huko, nami nitaendelea kukutumia alizeti. Kukuchukia sijaweza, nimejaribu. Lakini mlango ule hautafunguliwa kwa barua.

Mdogo wako,
Yuliana


Kihonda
14 Julai 2024

Mdogo wangu Yuliana,

Milele amina, nimeanza na jibu safari hii. Marahaba. Huku kuna baridi ya asubuhi, hata Grace amevaa sweta. Hamsta aliyebaki amenenepa, yuko peke yake na hana habari na mtu. Karatasi ya "Nisamehe" mtoto aliibandua mwenyewe, sikumwambia.

Barua yako niliwasomea mezani yote, hata pale palipokuwa pananichoma. Doreen alisema watu watanicheka, mama mzima kusimama kanisani kusema hivyo. Richard alitoa shauri la mtu wa ofisini: nimwandikie paroko kimyakimya, mambo yaishe kiutu uzima, kisha anipeleke kwa gari siku ya kazi wakati watu wako mashambani. Nilikaribia kukubali. Nakuambia ukweli, moyo uliruka kwa furaha nilipoona kuna kimlango cha nyuma. Usiku kucha nilikuwa nimekubali. Asubuhi nikakumbuka nilivyoiacha ile milango ya vizimba wazi, nikaona ni mkono uleule unataka kufanya kazi ileile.

Naogopa, Yuliana. Ufunguo ninao, geti liko wazi saa hizi ninapoandika, na bado naona kama ukuta umenibana kifuani. Naogopa wale wanawake wa bombani. Naogopa kikohozi cha Bonifasi wakati nimesimama. Naogopa kwamba nikisema, watu watanipisha mimi kama walivyokupisha wewe, na nitayaishi hayo mpaka nife. Lakini wewe uliyaishi bila kosa.

Nitapanda Jumapili ya tarehe 28. Richard ataendesha, Grace anakuja kunishika mkono mpaka mlangoni, ndani nitaingia mwenyewe. Mwambie Dominiko anishikie nafasi baada ya matangazo, wala asinitambulishe, wananijua.

Na wewe keti benchi la mbele kabisa. Usiangalie chini kwa kunihurumia. Nikiwatazama watu nitatafuta neno la kupunguza, najijua. Nikikutazama wewe nitasema lote.

Dada yako,
Cecilia